MAISHA YA JOHN BOYD DUNLOP, MGANGA WA WANYAMA ALIYETIA UPEPO NDANI YA GURUDUMU



Katika namba hii tumepewa kazi ya kuandika habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Labda wengi walitazamia tuandike juu ya mfalme au jemadari wa vita. Sisi tumechagua mtu ambaye jina lake tumelisoma mara nyingi ubavuni mwa mipira ya kinga na ya motokari, bila kujua kama ni jina la mtu aliyezaliwa, akaoa, akazaa na akafa kama watu wote. Jina hilo ni Dunlop.

Sababu gani tumemchagua huyu? Sisi wa Shasha tunaishi kando ya barabara. Anayetoka Goma akapita Sake kwenda Minova hana budi kupita hapa kwetu, ziwa likiwa upande mmoja na milima ya Masisi upande wa pili. Tangu asubuhi mpaka usiku tunaona kamio zilizojaa magunia, pikipiki, makinga na chukudu. Mpira wa kamio ukipasuka, watoto wote wanakimbia kutazama namna fundi anavyoutoa, anavyotafuta tundu ndani ya maji, anavyobandika kiraka na kupiga pompi. Ndipo tulipojiuliza: ni nani aliyefikiri kwanza kufunga upepo ndani ya mpira na kuweka mzigo wote juu yake? Tumesoma, tumewauliza walimu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa mtoto aliambiwa kwamba alizaliwa kabla miezi haijatimia, na kwa hiyo aliamini maisha yake yote kwamba mwili wake ni dhaifu, akajitunza kama yai. Kumbe aliishi miaka 81.

Alisoma kazi ya kuganga wanyama katika mji wa Edinburgh, akapata ruhusa ya kuifanya akiwa na miaka 19 tu. Mwaka 1867 alivuka bahari akaenda kukaa Ireland, kwanza Downpatrick, kiisha katika mji mkubwa wa Belfast. Mwaka 1871 alioa mke jina lake Margaret Stevenson, nao walipata mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Siku zile farasi ndiye aliyekuwa kamio, taksi na pikipiki ya watu wa Ulaya. Basi mganga wa farasi hakukosa kazi, na nyumba ya uganga ya Dunlop ikawa moja kati ya zilizo kubwa katika Ireland yote.

Tuangalie vizuri hapo. Mtu huyu hakuwa fundi wa mashine wala mtengenezaji wa magari. Alikuwa na miaka 47 na kazi yake ilimtosha. Kama angekaa kimya mpaka kufa, hakuna mtu angemlaumu.

KINGA YA MTOTO

Dunlop alikuwa na mwana wake Johnnie, mwenye miaka kama 10. Mtoto huyo alikuwa na kinga ndogo yenye magurudumu matatu. Barabara za Belfast zilitandikwa mawe, na magurudumu ya wakati ule yalikuwa ya chuma, au yalivikwa utepe wa mpira mgumu usio na kitu ndani. Mtoto alitetemeka juu ya mawe mpaka mwili unamuuma, nayo kinga ilikuwa nzito kusukuma.

Sisi tunalifahamu jambo hili kuliko watu wengine, juu ya chukudu zetu. Gurudumu la chukudu ni la mbao, nalo limevikwa kipande cha mpira uliokatwa katika mpira mkukuu wa gari. Anayeshuka nayo mlima akiwa na magunia ya makala au viazi anajua namna kila jiwe linavyopanda mpaka mabegani. Ndivyo karibu magurudumu yote ya ulimwengu yalivyokuwa magumu kabla ya Dunlop.

Mwezi wa Oktoba 1887 Dunlop alichukua karatasi nyembamba ya mpira akaifanya kama utumbo mrefu, akaufunga kuzunguka duara la mbao, akajaza upepo kwa pompi ya kutilia upepo mpira wa miguu, akafunika yote kwa kitambaa. Kiisha akaleta gurudumu la chuma la kinga ya mtoto. Akayasukuma yote mawili katika uwanja wa nyumba yake. Lile la chuma lilikwenda kidogo, likalala. Lile la upepo liliendelea mpaka mwisho wa uwanja, likagonga nguzo ya mlango na kurudi nyuma.

Ile siku Dunlop aliona jambo ambalo labda hakulitafuta. Alikuwa anatafuta ulaini kwa mtoto wake, akapata pia mwendo. Sababu ni hii: gurudumu gumu likikutana na jiwe, lazima kinga nzima pamoja na mtu aliye juu yake viinuliwe kupita jiwe lile, na nguvu hiyo inapotea bure kwa kila jiwe. Lakini gurudumu lenye upepo linabonyea pale pale jiwe lilipo, kiisha linarudi umbo lake. Upepo uliobanwa unasukuma tena. Kinga inapita juu ya jiwe kama haikuliona.

Mwanzoni mwa mwaka 1888 alitia mipira hiyo katika magurudumu ya nyuma ya kinga ya Johnnie, kiisha akaanza kutengeneza mikubwa zaidi kwa makinga ya watu wazima. Mwaka ule ule alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake.

WALIOCHEKA WAKANYAMAZA

Watu walipoona kwanza magurudumu yale yaliyonenepa walicheka sana. Lakini mchezaji mmoja wa Belfast, Willie Hume, ambaye hakuwa na sifa kubwa ya kushinda, alinunua kinga yenye mipira ya Dunlop. Mwezi wa Mei 1889 aliingia nayo katika mashindano, akawashinda wote. Alikwenda mpaka Liverpool, akashinda tena. Tangu siku ile kila mchezaji alitaka mipira ya upepo.

Kati ya watu walioshtuka kwa ushindi wa Hume alikuwako tajiri wa Dublin, Harvey du Cros, kwa kuwa wana wake walikuwa wachezaji wa kinga. Mwaka 1889 aliunda kampuni ya kutengeneza mipira hiyo, na Dunlop akaingia ndani yake.

Lakini furaha haikukaa. Karibu miaka miwili baada ya kupata hati yake, Dunlop alipata habari kwamba hati hiyo haina nguvu. Mtu mwingine wa Scotland, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kuandikisha gurudumu la upepo mwaka 1845, na alilijaribu kwa magari ya farasi. Thomson alifika mapema mno: makinga yalikuwa hayajaenea na motokari zilikuwa hazijazaliwa, basi watu wakamsahau. Dunlop hakuiba wazo lake, maana hakulijua. Lakini sheria iliangalia aliyetangulia, naye Dunlop hakuwa wa kwanza.

KAZI YA WATU WENGI

Hapa tunataka wanafunzi wenzetu waone jambo moja ambalo vitabu vingi hupita mbio. Mpira wa Dunlop ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa na makosa makubwa. Ulibandikwa kwa gundi na kufungwa kwa vitambaa juu ya gurudumu. Ukitoboka, kazi ya kuubandua, kuuziba na kuubandika tena ilikuwa ya saa nyingi. Kitu kama hicho hakingeweza kubeba motokari hata siku moja. Watu waliokirekebisha ni wengi, kila mmoja kwa fungu lake.

Mwaka 1890 Charles Kingston Welch, Mwingereza, alifikiri kutia waya ndani ya kingo mbili za mpira wa nje. Waya haivutiki, basi mpira unaketi ndani ya gurudumu bila gundi, na upepo wenyewe ndio unaoubana. Mkitazama fundi anavyong'oa mpira wa kamio kwa vyuma, ule ukingo mgumu anaoshindana nao ndio wazo la Welch mpaka leo. Mwaka ule ule William Erskine Bartlett alileta namna nyingine ya ukingo. Kampuni ya du Cros ilinunua haki zote mbili, na kwa njia hiyo iliokoka ingawa hati ya Dunlop ilianguka.

Kule Ufaransa, mji wa Clermont-Ferrand, walikuwako ndugu wawili, André na Édouard Michelin. Mwaka 1889 mtu alifika kwao na kinga yenye mpira wa Dunlop uliotoboka. Waliona taabu ya kuutengeneza, wakasema mioyoni mwao kwamba mpira lazima utoke na kurudi upesi. Mwaka 1891 walionyesha mpira wao unaotoka. Mwaka 1895 walitia mipira ya upepo katika motokari na kuingia katika mashindano ya kutoka Paris mpaka Bordeaux na kurudi, safari ya karibu kilometa 1,200. Mipira ilitoboka mara nyingi sana na hawakushinda. Lakini walionyesha kwamba upepo unaweza kubeba motokari, na hilo ndilo lililokuwa swali.

Tena ilibaki kazi. Kitambaa cha ndani kilifumwa kwa nyuzi zinazopishana, nazo zilikatana zenyewe kama msumeno gari likikimbia. Mafundi wakajifunza kulaza nyuzi upande mmoja, safu juu ya safu, na mpira katikati yao. Halafu mipira ya kwanza haikuwa myeusi, ilikuwa na rangi hafifu ya mpira wenyewe, nayo ililika upesi. Kuanzia miaka ya 1910 viwanda vilichanganya ndani yake masizi meusi, na mpira ukawa mgumu kulika mara nyingi zaidi. Ndiyo sababu mipira yote tunayoiona ni myeusi.

MPIRA WENYEWE ULITOKA WAPI?

Ndugu zetu, mpaka hapa habari ni ya kufurahisha. Lakini sisi ni wana wa Kongo, na hatuwezi kufunga ukurasa bila kuuliza swali hili.

Mpira wa miaka ile haukutoka kiwandani. Ulitoka mwituni, katika maji meupe ya miti na ya kamba za porini. Kule Marekani, tangu mwaka 1839, Charles Goodyear alikuwa amevumbua namna ya kuupika pamoja na salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kuvunjika kwa baridi. Lakini haja yake ilikuwa ya kiasi. Makinga yalipopata mipira ya upepo, na motokari zikafuata, Ulaya na Marekani zilianza kuutafuta mpira kama mwenye kiu anavyotafuta maji.

Sasa mtazame tarehe. Kongo iliwekwa mikononi mwa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, mwaka 1885. Dunlop alipata hati yake mwaka 1888. Mwaka 1890 mpira uliotoka Kongo haukufika tani 200. Mwaka 1901 ulikuwa karibu tani 6,000. Haukwenda wote katika magurudumu, maana mpira ulitumika pia kwa mashine na kwa nyaya za umeme. Lakini gurudumu ndilo lililoongeza njaa.

Tani hizo zilipatikana namna gani? Wazee wetu walilazimishwa kuingia mwituni kukata kamba za mpira. Kila kijiji kilipewa kipimo. Kipimo kikipungua, kulikuwa na fimbo ya ngozi ya kiboko, wanawake walifungwa mpaka waume zao walete mpira, na askari walikata watu mikono ili kuonyesha wakubwa wao kwamba hawakupoteza risasi bure. Mabaya hayo yalikuwa hasa upande wa Ekwateri, wa Mai-Ndombe na wa Kasai, lakini ni habari ya taifa letu lote. Walinzi weusi waliowekwa vijijini na makampuni kusimamia kazi hiyo waliitwa makapita. Sisi tunaoandika haya ni kapita wa wanafunzi, na tuliposoma neno hilo tulikaa kimya kidogo.

Kati ya watu waliotangaza mambo hayo walikuwa wamisionari wa Kiprotestanti. William Sheppard, Mwamerika mweusi, aliandika aliyoyaona Kasai mwaka 1899. Alice Seeley Harris alipiga picha kule Baringa mwaka 1904, kati yake picha ya baba mmoja, Nsala, ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake mdogo. Edmund Morel, karani wa Liverpool, aliona katika vitabu vya meli kwamba mali inatoka Kongo na zinazorudi ni bunduki na risasi tu, akaanza kupigana kwa kalamu. Mwaka 1908 Leopold aliondolewa mamlaka hayo, na Kongo ikawa koloni ya Ubelgiji. Kazi ya lazima haikuisha siku ile, lakini ule utawala wa mtu mmoja uliisha.

Hatusemi kwamba Dunlop alikata mtu mkono. Hakuwa na shamba Kongo wala hakuamuru lolote. Yeye alimhurumia mtoto wake, na huruma hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kwa miaka ile ile kule Baringa Nsala naye alikuwa baba. Kitu kilichoanzwa kwa kumpunguzia mtoto mmoja maumivu kilipita katika mikono ya wafanyabiashara na ya mfalme, kikafika kwa mtoto mwingine kama kifo. Kati ya watoto hao wawili palikuwa na watu wengi walionunua, waliouza na waliopanda makinga, na wachache mno waliouliza mpira unatoka wapi.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Dunlop mwenyewe hakutajirika sana. Alitoka katika kampuni katikati ya miaka ya 1890. Mwaka 1896 kampuni hiyo iliuzwa kwa pauni milioni 3, na aliyeinunua akaiuza tena kwa watu wengi kwa milioni 5. Jina la Dunlop lilibaki juu ya mipira, na sura yake yenye ndevu ndefu ikawa alama ya biashara, lakini mali kubwa ilikwenda kwa wengine. Yeye alikaa Dublin kwa utulivu, akishughulika na duka la nguo alilokuwa na sehemu ndani yake. Mwezi wa Oktoba 1921 alishikwa na baridi, na tarehe 23 akafa. Alizikwa Deans Grange, karibu na Dublin.

TUNALOJIFUNZA

Kwanza, tusidharau kazi ya kurekebisha. Thomson alianza, Dunlop akaanza tena, Welch akatia waya, ndugu Michelin wakafanya mpira utoke upesi. Hakuna hata mmoja aliyeimaliza peke yake. Mwanafunzi anayeona kosa katika kitu na kulitengeneza kidogo amefanya kazi ya watu hao.

Pili, wengi wetu wa mwaka wa sita tunataka kuwa mafundi, wahandisi na wafanyabiashara. Hapa kwetu Masisi kunatoka koltani, na Walikale kunatoka kasiterite. Vinakwenda mbali, vinaingia katika simu na katika mashine ambazo watu wanazitumia kwa furaha bila kumjua aliyeingia shimoni. Baadhi ya wanafunzi wa shule hii wana kaka zao kule mashimoni. Kwa hiyo sisi hatuwezi kusema kwamba hatukujua. Siku tutakapokuwa wenye kununua, wenye kuuza au wenye kuchora mashine, tuulize mapema: kitu hiki kilitoka wapi, na nani alilipa?

Na kwa ndugu zetu wadogo wanaokimbilia kila kamio inayosimama barabarani: endeleeni kutazama fundi anavyofanya, lakini simameni kando, maana upepo uliobanwa una nguvu kuliko mnavyofikiri.

Tunawaaga kwa amani.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita, Shasha